Bafa ya kilomita 5: namna ya kuchagua projeksheni kwa koodineti za GPS

Una orodha ya visima vya Kongwa, mkoani Dodoma. Koodineti zilichukuliwa kwa simu, na bosi anataka kujua vijiji gani viko ndani ya kilomita 5 kutoka kisimani. Unaingiza faili kwenye QGIS, programu ya ramani, unaandika 5 kwenye bafa (duara la umbali kuzunguka kila kisima), na duara linameza Dar es Salaam na Mombasa. Programu haijakosea. Koodineti zako ziko katika nyuzi, nawe umeomba nyuzi 5, yaani kama kilomita 550.

Hatua ya 1: Jua data zilikotoka

GPS ya simu hutoa WGS 84, mfumo wa koodineti ambao namba yake katika orodha ya EPSG ni EPSG:4326. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa Arc 1960, na tofauti ya mifumo hiyo miwili huku kwetu ni karibu mita 300. Ukiona visima vyote vimehama upande mmoja kwa umbali uleule, usimlaumu aliyekwenda uwandani. Angalia kwanza kama kuna aliyeandika WGS 84 mahali pa Arc 1960.

Hatua ya 2: Uliza unapima nini

Umbali au eneo ndani ya wilaya au mkoa: tumia UTM, projeksheni (njia ya kulaza uso wa dunia kwenye ramani bapa) inayopima kwa mita na kuigawa dunia katika kanda. Eneo la nchi nzima: tafuta projeksheni inayolinda eneo. Tanzania imekaa kwenye kanda tatu za UTM, 35, 36 na 37. Ukilazimisha yote iingie kanda ya 37, shamba la hekta 100 karibu na Kigoma litasomeka hekta 102 na ushee. Kwa kazi hiyo mimi hutengeneza yangu:

+proj=laea +lat_0=-6 +lon_0=35 +datum=WGS84 +units=m

EPSG:3857, ile ya ramani za mtandaoni, iachie kazi ya kuonyesha tu. Karibu na ikweta hudanganya kidogo, kama mita 10 kwa kilomita, ndiyo maana watu wameizoea. Ipeleke Oslo, latitudo 60, uone: kilomita 1 ya ardhini inasomeka 2.

Hatua ya 3: Tafuta kanda

Chukua longitudo, jumlisha 180, gawanya kwa 6, tupa desimali, ongeza 1. Kongwa iko 36.4: inatoka 37. Dodoma mjini ni 35.7: inatoka 36. Kusini mwa ikweta namba huanza na 327, kwa hiyo Kongwa ni EPSG:32737 na Dodoma mjini ni EPSG:32736. Kaskazini huanza na 326, na hapo wenzetu wa Uganda wawe macho: Kampala iko kaskazini, Masaka kusini.

Mkoa ukikatwa na mpaka wa kanda kama huu wa Dodoma, chagua kanda moja uitumie kwa pointi zote. Kongwa ikipimwa kwa kanda ya 36, bafa ya kilomita 5 inakosea mita 7 hivi, kosa ambalo GPS ya simu yenyewe inaweza kulifanya. Kuchanganya kanda mbili kwenye faili moja ndiko kunakoharibu kazi.

Hatua ya 4: Badilisha, usibandike jina

Hapa ndipo wengi huanguka, nami nilianguka. Nilibofya leya (tabaka la data kwenye ramani), nikaiwekea EPSG:32736 kwenye sifa zake, nikaamini nimemaliza. Visima vyangu vikahamia Antaktika. Nilikuwa nimebadilisha lebo tu: programu ilisoma 35.7 na -6.2 kama mita, na karibu na sifuri ya UTM ya kusini ni barafu tupu.

Leya ya asili iache na 4326 yake. Fungua Processing Toolbox, tumia Reproject Layer, chagua 32736, kanda moja kwa mkoa wote, uhifadhi faili jipya. Bafa ifanye kwenye faili hilo jipya, na sasa andika 5000, maana kipimo ni mita.

Hatua ya 5: Hakiki

Fungua jedwali la leya mpya, ongeza safu mbili za $x na $y. X iwe na tarakimu sita. Y, kwa huku Dodoma, iwe milioni tisa na kitu. Kisha pima kwa rula ya QGIS, ikiwa kwenye Ellipsoidal, kutoka kisima hadi ukingo wa bafa. Ikisoma 4,993 au 5,004, endelea na kazi. Ikisoma 4,700, rudi hatua ya 1.