Kuchagua mpichesi kulingana na mwinuko: Moshi, Arusha na miteremko ya juu

Mtu akipanda kokwa la pichesi aliloletewa kutoka nchi ya baridi, mara nyingi mti huota vizuri, hufika urefu wa mtu, halafu hukaa miaka bila ua hata moja. Mbolea haisaidii. Mpichesi hulala kabla ya kuchanua, na kinachouamsha ni jumla ya saa za baridi ulizopitia ukiwa usingizini. Kwa kawaida huhesabiwa saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi joto 7. Elberta na Redhaven, aina mbili maarufu sana Marekani, huhitaji saa 800 na zaidi. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 au karibu na hapo. Kwa hesabu hiyo saa za baridi ni kama sifuri.

Swali la kwanza kitaluni basi liwe hili: aina hii inahitaji saa ngapi za baridi? Utamu, rangi na ukubwa vije baadaye. Muuzaji asiyejua jibu anauza mche usiojulikana, hata kama lebo imeandikwa vizuri.

Pima shamba lako kabla ya kutaja aina

Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6. Toka Arusha mjini hadi mita 2,000 unapata pungufu ya nyuzi 3.6 hivi, yaani usiku wa nyuzi 8 au 9 katika mwezi wa baridi. Bado hujafika 7, isipokuwa usiku mmoja mmoja wa anga jeupe. Ndiyo maana hata mkulima wa juu kabisa kwenye miteremko ya Meru au Kilimanjaro hana sababu ya kununua aina ya saa 500 kwa kuwa tu "kwetu kuna baridi".

Lakini kuna unafuu mmoja mkubwa. Baridi ya kati, ya nyuzi 9 hadi 12, nayo huhesabika kwa sehemu, na joto la mchana likipita nyuzi 16 hadi 18 hufuta sehemu ya kile kilichokusanywa usiku. Mawingu ya Juni na Julai, yale yanayowafanya watu wa Arusha wavae masweta hadi saa sita mchana, ni mali kwa mpichesi kwa sababu huzuia mchana usifute kazi ya usiku. Shamba lenye mawingu kwenye mita 1,600 linaweza kulishinda shamba la mita hizo hizo lenye jua kali kutwa.

Tazama mwinuko kwa simu yenye GPS ukiwa umesimama shambani kwenyewe. Kata moja ya mlimani inaweza kuwa na tofauti ya mita 400 kati ya juu na chini, hivyo usikopi jibu la jirani wa bondeni. Halafu nunua kipimajoto kinachoonyesha joto la chini na la juu, kitundike kivulini urefu wa mita 1.5 kutoka ardhini, usome kila asubuhi kuanzia Juni 15 hadi Agosti 15. Msimu mmoja tu wa namba hizo utakuokolea gharama ya miche.

Aina za kuanza nazo

Chini ya mita 1,200, yaani Moshi mjini, Kahe, TPC na Boma Ng'ombe, usipande pichesi kwa biashara. Usiku wa Julai wa Moshi mjini hubaki juu ya nyuzi 15 na mchana ni wa moto. Mti utaishi, utatoa shada la majani kwenye ncha za matawi, na shina litabaki tupu. Ardhi hiyo ipe embe au parachichi linalofaa joto.

Kati ya mita 1,200 na 1,500 chagua aina za saa 100 hadi 150 pekee. UFSun na UFBest, zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha Florida, zinahitaji saa 100 hivi. Nyama yake ni ngumu hata tunda likiiva mtini, jambo linaloleta tofauti kubwa kwa anayepeleka matenga kwenye soko la Kilombero (Arusha) au Mbuyuni (Moshi) kwa barabara ya vumbi. Flordaprince inahitaji saa 150 hivi. Ni tunda la njano, dogo hadi la wastani, lenye majimaji mengi, na likiiva kabisa halivumilii safari, kwa hiyo livunwe likiwa bado gumu kidogo. Hapa chini ya 1,500 hakuna aina itakayofanya kazi peke yake bila kusaidiwa kwa njia nitakayoeleza mbele.

Kati ya 1,500 na 1,800, mfano sehemu za juu za Ngaramtoni na vijiji vya juu vya Machame, hizo zote hufanya vizuri zaidi, na unaweza kuongeza TropicBeauty, ya saa 150, yenye tunda kubwa kuliko Flordaprince. TropicSnow, ya saa 200 hivi, ina nyama nyeupe na utamu usio na ukali. Ijaribu kuanzia mita 1,700. Juu ya 1,800 jaribu pia Earligrande, ya saa 200 hadi 275, lakini miti michache kwanza. Kwa shamba la kipato, theluthi mbili ya miti iwe ya saa 150 au chini, kwa sababu mwaka wa Julai ya joto huja, na hapo aina za saa 200 ndizo zitakazoumia mwanzo.

Karibu aina zote hizi hujichavusha zenyewe. Huhitaji kuchanganya mbili ili upate matunda. Kuchanganya kunafaa kwa ajili ya kuvuna kwa awamu.

Kuna pia pichesi la kienyeji. Ukiona mti wa jirani, kwenye mwinuko ule ule na upande ule ule wa mlima, unazaa kila mwaka na matunda yake yanalika, huo una uthibitisho ambao mche wa lebo hauna. Omba vikonyo vyake, yaani vitawi vya kupandikiza, ubebeshe juu ya mche mwingine. Kokwa lake halitoshi, kwani mche wa mbegu hutoka na tabia zake wenyewe na unaweza kudai baridi zaidi ya mama yake.

Linganisha siku za kuiva na mvua

Mkulima akishapata aina yenye saa sahihi, kosa linalofuata ni kusahau kalenda. Flordaprince huiva siku 78 hivi baada ya kuchanua, UFSun 80, TropicBeauty 89, TropicSnow 97. Mti uliochanua Agosti 10 utakuwa na Flordaprince iliyoiva karibu na Oktoba 27, na TropicSnow karibu na Novemba 15. Vuli ikianza kati ya tarehe hizo, Flordaprince imeshaondoka shambani na TropicSnow iko mtini, ngozi imelainika, mvua inanyesha. Hapo ndipo uozo wa kahawia na nzi wa matunda huingia. Upande wenye mvua nyingi, aina ya siku 80 ni salama kuliko tamu ya siku 97.

Pande za mlima hazifanani. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro (Marangu, Kibosho, Machame) na kusini mwa Meru (Tengeru, Akheri, Nkoaranga) hupokea mvua nyingi. Siha, Rongai na kaskazini mwa Meru kuelekea Ngarenanyuki ni pakavu zaidi, na huko aina za kuchelewa zina nafasi, mradi una maji ya kumwagilia. Agosti hadi Oktoba ni kiangazi, na wiki nne za mwisho tunda huvimba haraka kuliko wakati wowote. Kama zamu yako ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) ni mara moja kwa wiki mbili, jenga tangi au panda miti michache.

Upande wa unyevu tatizo lingine ni kutu ya majani. Hupukutisha majani mapema, tuseme Mei, mti ukachipua upya na kuchanua nje ya wakati, na maua ya Agosti yakapungua. Chunguza upande wa chini wa majani baada ya masika. Ukiona vumbi la rangi ya kutu, piga dawa ya ukungu inayoruhusiwa kwa pichesi, kwa kipimo cha lebo, kabla halijaenea.

Kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) chenye migomba mirefu hakifai. Mpichesi unataka jua la siku nzima wakati wa majani, na matawi ya kivulini hayatengenezi macho ya maua.

Kuulaza na kuuamsha mti

Kwetu hakuna majira ya baridi ya kuangusha majani, kwa hiyo mkulima huyaangusha mwenyewe. Mnamo katikati ya Juni acha kumwagilia. Mwishoni mwa Julai kagua matawi ya mwaka huu: yawe yamekomaa, rangi imegeuka kahawia, na kwenye kila kifundo kuna macho matatu. La katikati, jembamba na lenye ncha, ni la jani, na mawili ya pembeni, ya duara na yenye manyoya, ni ya maua. Ukiona la ncha peke yake, subiri. Kupukutisha kabla macho ya maua hayajaumbika kunaleta majani mapya tu.

Macho yakiwa tayari, kata kila jani ukiacha kikonyo chake kifupi, kitadondoka chenyewe baada ya siku chache. Kuvuta jani kwa nguvu hung'oa jicho pamoja nalo. Kwa miti mingi hutumika urea, gramu 50 kwa lita moja ya maji, lakini inaweza kuunguza vitawi laini, kwa hiyo jaribu mti mmoja usubiri wiki. Pogoa wakati huo huo: fungua katikati ya mti uwe kama kikombe, ondoa matawi yaliyokwisha kuzaa, bakiza ya mwaka huu yenye unene wa penseli, kwani mpichesi huzaa juu ya matawi ya mwaka uliopita tu. Baada ya hapo mwagilia kwa wingi.

Aina za kuwahi zina muda mfupi wa kunenepesha tunda, kwa hiyo zikiachwa na mzigo hutoa matunda ya ukubwa wa ndimu. Wiki nne baada ya kuchanua, ng'oa matunda hadi libaki moja kila sentimita 15. Inauma kuyatupa, lakini soko hununua yaliyobaki.

Mzizi nao uchaguliwe

Mche uliobebeshwa una miti miwili, na wa chini ndio unaopambana na udongo. Kwenye udongo wa kichanga, au shamba lililolimwa nyanya miaka mingi, minyoo fundo hujaza mizizi uvimbe na mti hudumaa. Uliza mzizi wa Flordaguard, uliozalishwa Florida mahususi kwa tatizo hilo. Kwenye udongo mzito unaotuama maji mzizi wowote wa pichesi utaoza. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, lijaze maji, na kama kesho yake maji bado yapo, tafuta sehemu nyingine au panda kwenye tuta la sentimita 40.

Nafasi ya mita 4 kwa 4 inatosha kwa mti unaopogolewa kila mwaka. Kiungo cha kubebeshea kibaki sentimita 10 juu ya udongo, la sivyo sehemu ya juu itatoa mizizi yake na kinga ya chini itapotea.

Dalili kwamba aina haiendani na mahali

Mti wa miaka mitatu ukichanua kidogo kidogo kwa wiki sita au zaidi, ukiwa na maua, vitunda na matawi matupu kwa pamoja, baridi haikutosha. Dalili nyingine ni macho ya maua kukauka na kuanguka bila kufunguka, majani kutoka nchani pekee, na tunda lenye chuchu ndefu iliyochongoka. Usiung'oe. Kata matawi makuu matatu au manne, na machipukizi yatakayotoka yabebeshe kwa aina ya saa chache zaidi. Mizizi imeshakomaa, hivyo utarudi kwenye mavuno mapema kuliko ukianza na mche mpya.

Dalili hizo zisichanganywe na ukungu wa kukunja majani, unaoyavimbisha na kuyatia wekundu wakati mti unachipua kwenye baridi na unyevu. Huo huzuiwa kwa dawa ya kopa (shaba) mti ukiwa hauna majani. Majani yakishajikunja, dawa imechelewa.

Ukitaka kuagiza vikonyo au miche kutoka nje, anza na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yake makuu yako Arusha, kabla hujalipa. Kwa miche ya ndani, waulize TARI Tengeru, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ni vitalu vipi vinavyobebesha matunda ya nyanda za baridi. Ukifika kitaluni omba kuoneshwa mti mama ukiwa na matunda, uliza mwinuko wa mahali ulipo, na kagua kiungo: kiwe kimefungana bila ufa wala gundi inayotoka. Anza na miti sita, mitatu ya aina ya saa 100 na mitatu ya saa 150, kisha upanue kwa ile itakayochanua kwa pamoja mwaka wa pili au wa tatu.