Kutengeneza na Uliyemkosea Kabla ya Kuikaribia Meza ya Bwana

Katika Mathayo 5:23-24 Yesu aliweka utaratibu ambao wengi wetu tunausoma na kuupita: anayekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka palepale, aende kupatana naye kwanza, ndipo arudi kuitoa. Waliomsikiliza walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hivyo agizo hilo halikuwa jepesi kwao. Mwongozo huu unahusu safari hiyo ya kwenda na kurudi, kwa maana machozi ya ibadani peke yake hayamrudishii jirani chochote tulichomnyang'anya.

Anza siku kadhaa kabla ya Jumapili ya Ushirika Mtakatifu, si asubuhi yake. Paulo anaagiza katika 1 Wakorintho 11:28 kwamba mtu ajihoji mwenyewe, na kujihoji kunataka utulivu. Soma Zaburi ya 51 polepole, kisha utaje dhambi kwa jina lake mbele za Mungu: niliiba, nilisingizia, nilizini, nilidhulumu. Daudi anasema katika zaburi hiyo kwamba amemtenda dhambi Mungu peke yake, na wako wanaolishika neno hilo ili wasimwendee mwanadamu yeyote. Ikumbukwe kwamba Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke na kumfanyia njama ya kuuawa, alikuwa amekwisha kufa, na Daudi hakuwa tena na mlango wake wa kubisha. Ikiwa uliyemkosea yu hai, wewe unao.

Ukiisha kuomba, nenda mwenyewe. Usitume mtu wala ujumbe wa simu, isipokuwa umbali umekuzuia kabisa. Taja kosa bila kulisindikiza kwa visingizio. Aliyemsingizia shemeji yake, kwa mfano, aweza kusema: "Shemeji, niliwaambia watu kwamba ulikula michango ya msiba. Haikuwa kweli, nami nilijua kwamba si kweli. Naomba unisamehe. Nitawarudia wale niliowaambia, niwaeleze kwamba nilisema uongo." Hapo hakuna neno "kama". Tumezoea kusimama kanisani na kusema, "Kama kuna yeyote niliyemkwaza, anisamehe," au kutuma ujumbe wa namna hiyo kwa watu wote usiku wa kuamkia mwaka mpya. Nasihi desturi hiyo isihesabiwe kuwa toba, kwa sababu inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa.

Pale mali inapohusika, rudisha. Sheria katika Mambo ya Walawi 6:1-7 ilimtaka aliyedhulumu arudishe kitu chote pamoja na sehemu ya tano juu yake, siku ileile ya kuleta sadaka yake ya hatia; na Hesabu 5:8 ikaongeza kwamba, ikiwa hakuna jamaa wa karibu wa kupokea malipo, yatolewe kwa Bwana kupitia kuhani. Zakayo, mtoza ushuru aliyempokea Yesu nyumbani kwake, alikivuka kiwango hicho na kuahidi kurudisha mara nne. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilihili: walokole waliungama waziwazi, wakalipa madeni na kurudisha vitu walivyokuwa wameiba. Ni urithi mwema, nami natamani turudi kwao katika hili, ila kwa tahadhari moja: maungamo yafike pale kosa lilipofika, yasivuke hapo. Uongo uliosemwa mbele ya wanakikundi wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ukanushwe mbele yao; lakini dhambi iliyotendwa sirini pamoja na mtu mwingine isitangazwe kwenye ushuhuda, kwani itamwaibisha ambaye hakukubali kutajwa. Hiyo ipelekwe kwa mchungaji au padri atakayeitunza.

Nawe unayeombwa msamaha, usiharakishwe. Katika Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa deni la talanta elfu kumi, fedha nyingi mno, alimkaba mwenzake kwa ajili ya dinari mia, na kwa kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa siku, hizo mia zilikuwa kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Lilikuwa deni la kweli, na anayekusihi usamehe hana ruhusa ya kuliita dogo. Kusamehe ni kuiachilia haki ya kulipiza kisasi. Si kumkabidhi tena mweka hazina funguo alizozitumia kuiba. Yosefu aliwapima kwanza ndugu zake waliomwuza utumwani, kisha akajitambulisha kwao. Mke anayepigwa anaweza kumsamehe mumewe akiwa bado kwa wazazi wake, na kiongozi wa kanisa anayemrudisha nyumbani kwa jina la msamaha, usalama wake haujahakikishwa, anamtendea dhambi.

Ikiwa uliyemwendea amekataa, usimsomee maandiko juu ya wajibu wake wa kusamehe. Mshukuru kwa kukusikiliza, timiza ulichoahidi, umpe muda. Ikiwa deni linazidi uwezo wako, andikianeni mbele ya mzee wa kanisa namna ya kulipa kidogo kidogo. Kisha rudi ibadani bila kungoja shilingi ya mwisho, kwa kuwa agizo la Yesu lina sehemu mbili, nayo ya pili inasema urudi uitoe sadaka yako. Mwenye kuona aibu ya kukaribia hata baada ya kufanya hayo yote amweleze mchungaji wake mapema juma hilo, ili asiachwe akae nyuma peke yake wakati wenzake wanapoitwa mezani.