Kupiga picha wasanii nyuma ya jukwaa kabla shoo haijaanza, kwa wapiga picha wa Mbeya na Iringa

Ukiitwa kupiga shoo ya vichekesho au ya bendi huku kwetu, iwe Mwanjelwa au Soweto za Mbeya, au Iringa mjini, usisubiri taa za jukwaani ziwake ndio uanze kazi. Fika dakika tisini kabla. Picha zenye uhai ziko kule nyuma, wanenguaji wanabanana nywele, na yule kaka anayeigiza mama mkwe anapaka poda huku wigi bado limelala kwenye kiti.

Ukiingia usitoe kamera. Salimia chumba kizima, wakubwa wape shikamoo yao, sema jina lako, tafuta kona ukae. Promota kukuruhusu haitoshi, muulize kila msanii mwenyewe, na ujue kuruhusiwa kupiga na kuruhusiwa kuposti ni vitu viwili tofauti. Hili nalisema kwa uchungu maana niliwahi kurusha statasi picha ya msanii akiwa na gauni na kope za bandia jicho moja tu, mimi niliona picha nzuri sana, kumbe ukweni kwake hawakujua anachofanya jukwaani na maneno yakawa mengi. Jukwaani mwanaume akivaa kike watu wanashangilia maana hadithi wanaiona, ila ile picha ikitembea peke yake kwenye simu za watu kila mmoja anatunga ya kwake. Tangu siku hiyo namwonyesha mtu kwenye skrini, akisema futa nafuta palepale mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, ile ni sura ya mtu.

Mtu akianza kubadili nguo, toka nje. Kwa watoto wa kikundi cha ngoma ongea na mlezi wao kwanza.

Sasa baridi. Juni na Julai huku Mbeya, ukitoka kwenye baridi ya nje saa moja usiku ukaingia kwenye chumba kidogo chenye watu kumi na tano, lensi inashika ukungu hapohapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa zipu kama dakika ishirini ipate joto taratibu, usiifute fute. Betri ya akiba weka mfuko wa ndani ya sweta, baridi inaimaliza haraka. Na ukikuta wamewasha jiko la mkaa humo ndani, waombe wafungue dirisha, ule moshi usioonekana unaua.

Flashi zima kabisa. Mtu anabandika kope kwa gundi, ukimpiga mwanga wa ghafla anashtuka na kazi ya nusu saa imeharibika. Tumia lensi ya 50mm au 35mm, fungua tundu la lensi mpaka f/1.8 mwanga uingie mwingi, ila ukisogea karibu rudi f/2.8 ili macho yote mawili yatoke makali, ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, panda mpaka 3200 bila woga, chenga kidogo ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Spidi ya shata weka 1/100 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa 50Hz na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara mia kwa sekunde, ukipiga 1/500 unapata mistari myeusi kwenye picha halafu unadhani kamera imekufa. Kama balbu ni ya njano weka mizani ya rangi (white balance) kwenye 3200K, na piga RAW, yaani faili ghafi ambalo rangi yake utairekebisha baadaye.

Kioo ndio rafiki yako mkubwa. Simama pembeni usijione, fokasi kwenye jicho lililo ndani ya kioo na sio kwenye vumbi la kioo, maana kamera inapima umbali wa kutoka kwako mpaka kiooni ukijumlisha na wa kutoka kiooni mpaka kwa msanii. Balbu zikiwa zimezunguka kioo kamera inadanganyika na uso unatoka giza, ongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili, au upimie shavuni.

MC akishaanza kupasha ukumbi, acha kuongea na watu, wengine wanasali, wengine wanarudia maneno yao kimoyomoyo. Nenda karibu na pazia, usizibe njia. Msanii atasimama pale kidogo kwenye giza, mwanga wa jukwaani unamgusa upande mmoja wa uso. Piga moja, mbili, halafu mpishe apite.