Kabla ya Kufungua Mgahawa, Anza na Kitambaa

Meza ikifutwa ikang'aa, mteja huridhika. Bakteria hawana habari na kung'aa. Kwa hiyo asubuhi, kabla hujafungua mlango, usiangalie meza kwanza. Angalia kile kitambaa kilicholala kwenye karai tangu jana. Kina unyevu, mafuta na chembe za chakula, na bakteria wamezaliana humo usiku kucha. Ukikipitisha kwenye meza kumi, zote kumi zimepata mgawo wake. Nunua vitambaa vingi vya bei rahisi, vya mezani viwe rangi yake na vya jikoni yake, vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa.

Kisha pitisha kidole ukingoni mwa meza na chini ya ule mpira unaoifunika. Ukikuta utelezi kama wa ndani ya ndoo iliyokaa na maji siku kadhaa, ujue bakteria wameshajijengea utando, na dawa ya kuua bakteria huwafikia kwa shida. Hapo sugua kwa brashi na sabuni, suuza, ndipo upake dawa. Wengi hufanya kinyume, wanamwaga dawa juu ya mabaki ya mchuzi, na klorini yote inaishia kwenye uchafu. Mbao ya kukatia iliyochimbika kwa visu itupe tu. Brashi haifiki humo.

Kuhusu dawa yenyewe: jiki yenye klorini 3.5%, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji, inatosha. Meza ibaki na majimaji dakika moja au mbili, halafu ijikaukie. Changanya mpya kila siku, kwa sababu joto na mwanga huimaliza nguvu. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Hutoka gesi ya sumu.

Usiiamini friji pia: Listeria, bakteria wa kwenye chakula, huzaliana hata kwenye nyuzi 4, kwa hiyo futa mpira wa mlango wake. Salmonella, bakteria wengine wa kuharisha, nayo huweza kuishi siku kadhaa mahali pakavu, na mezani hapo ni kwenye menyu, kichupa cha chumvi na chupa ya pilipili. Mteja ananawa mikono vizuri, anaikamata chupa ya pilipili ambayo haijafutwa tangu Jumatatu, halafu anamega ugali.