Mada ya bunduki: namna ya kuiandaa kabla ya kupanda jukwaani

Mada hii haichuji: "Haki ya kumiliki bunduki iliyoandikwa enzi za gumegume haihusu silaha za leo." Gumegume ni bunduki ya zamani inayojazwa baruti na risasi kwa mkono kila inapofyatuliwa. Nafundisha Historia hapa Moshi na ni mlezi wa klabu ya mdahalo, nimeshaisikia ikiharibiwa kwa kila namna. Vijana wangu nawaandaa hivi.

Kwanza wajue ugomvi ni wa nani. Ni wa Wamarekani, na umeanzia kwenye Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya 1791, yanayosema haki ya wananchi kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe. Katiba yetu ya 1977 haina kifungu cha namna hiyo; anayetaka bunduki anaomba leseni chini ya sheria ya 2015. Halafu hapa Kilimanjaro hakosekani wa kumleta Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, ambaye wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Atapigiwa makofi, na mada itabaki pale pale.

Watetezi wa mada waanze kwa kuonyesha. Mpe kijana mti wa fagio uwe bunduki na kijiti cha kushindilia, asimame mbele, mtunza muda aanze kuhesabu. Ang'ate kifuko cha karatasi chenye baruti na risasi, amwage kidogo pembeni mwa mtutu, iliyobaki aimimine kwenye mdomo wa mtutu, atumbukize risasi ya duara pamoja na karatasi, ashindilie mpaka ikae, achomoe kijiti akirudishe mahali pake, ndipo ainue na kulenga. Asiharakishe kuwafurahisha wenzake. Askari aliyefunzwa vizuri alifyatua kama mara tatu kwa dakika. Kisha msemaji aseme bunduki ya kisasa ya AR-15 huuzwa kwa kawaida na magazini ya risasi 30, na kila ukivuta kifyatulio inatoka moja. Ukumbi utanyamaza.

Ila wakiishia hapo wamekwisha, maana wapinzani waliojiandaa wana jibu tayari. Mwaka 2008, kwenye kesi ya Heller iliyotambua haki ya mtu binafsi kuwa na bunduki, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hoja kwamba zinalindwa silaha za karne ya 18 tu inakaribia kuwa ya mzaha. Uhuru wa kusema haukuishia kwenye mitambo ya kuchapia ya zamani; mwaka 1997 mahakama hiyo hiyo iliupeleka hadi kwenye intaneti. Wapinzani waijue pia kesi ya Caetano ya 2016: mama mmoja wa Massachusetts alibeba kifaa cha shoti ya umeme kujikinga na mwanamume aliyeachana naye, akatiwa hatiani. Mahakama ya jimbo ikasema vifaa hivyo havikuwapo mwaka 1791. Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo, hakuna jaji aliyepinga. Bunduki ya upepo ya Girardoni, yenye risasi kama 20, ilikuwapo tayari na ilibebwa kwenye msafara wa Lewis na Clark, wavumbuzi wa Kimarekani wa mwanzoni mwa karne ya 19. Itajwe, lakini asiseme ilikuwa kila nyumba. Ilikuwa adimu.

Kwa hiyo watetezi wahame kutoka "ni mpya" waende "ni ipi". Heller yenyewe iliacha nje silaha hatari zisizo za kawaida, na bunduki za rashasha zilizosajiliwa baada ya Mei 1986 raia haruhusiwi kuzimiliki. Kumbe mstari upo. Wanabishana uchorwe wapi. Mahakama inauchora kwa kuangalia silaha inayotumiwa na watu wengi, na hapo ndipo mimi naona watetezi wanaweza kushinda. Waulize: silaha ikipigwa marufuku siku iliyotoka kiwandani, itaenea lini? Sijasikia mpinzani akilijibu bila kubabaika.

Kesi za karibuni zipitiwe haraka. Ya Bruen, 2022, inadai sheria ya silaha ilingane na desturi ya kihistoria ya nchi hiyo ya kudhibiti silaha. Ya Rahimi, 2024, ikalegeza kidogo kwa kusema inatosha msingi ufanane, si lazima ipatikane sheria pacha ya zamani. Tahadhari: ya Cargill kuhusu kifaa cha kuharakisha ufyatuaji, na ile ya 2025 kuhusu bunduki zinazouzwa vipande vipande, zilihusu maana ya sheria za Bunge, siyo Marekebisho ya Pili. Anayezichanganya namkata alama hata kama sauti yake ni tamu.

Mwisho, msemaji wa tatu ajiandae kwa swali la droni, litatoka tu viti vya nyuma. Heller ilizungumzia silaha ambazo mtu anaweza kuzibeba. Aseme hivyo, aongeze kwamba droni kubwa ya vita haibebwi begani, kisha arudishe kipaza sauti.