Kupanga nyumba yenye bwawa na bustani Thailand: anzia chumba cha pampu

Nyumba za bwawa nchini Thailand hupangishwa kwa picha: maji ya buluu, minazi, viti viwili chini ya mwavuli. Kwenye picha hakuna chumba cha pampu, mita ya umeme wala tangi la maji, na hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua kama utakaa kwa raha au utakesha ukiandikiana na mwenye nyumba. Kodi ni sehemu tu ya gharama. Maji, umeme na matunzo ndiyo sehemu nyingine, na hizo ndizo watu husahau kuziuliza.

Mahali na msimu

Kisiwani Phuket, kusini kwa Rawai, Nai Harn na Chalong kuna nyumba nyingi za mwaka mzima, na kwa kawaida bei zake ni afadhali kuliko za Bang Tao na Surin. Hua Hin ni tulivu na nafuu zaidi. Pattaya, kadiri unavyoiacha bahari na kuingia mashariki mwa barabara ya Sukhumvit, ndivyo kiwanja kinavyokua na kodi inavyoshuka. Chiang Mai wengi hutafuta Hang Dong, Mae Rim na San Sai. Kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye bwawa lake, kwa mkataba wa mwaka, Hua Hin na Chiang Mai anza kutafuta kwenye baht 35,000 hadi 60,000 kwa mwezi. Phuket jiandae kwa zaidi ya hapo.

Msimu hubadilisha bei kuliko kitu kingine chochote. Upande wa bahari ya Andaman, Phuket ikiwemo, mvua hunyesha Mei hadi Oktoba, na watalii hujaa kuanzia Novemba hadi Machi. Nyumba ile ile ikipangishwa mwezi mmoja mmoja Desemba inaweza kugharimu mara mbili ya kodi ya mkataba wa mwaka. Tafuta Mei au Juni: wenye nyumba wanajadiliana, na mvua itakuonyesha paa linapovuja na maji yanapotuama uani. Koh Samui kalenda yake ni tofauti, mvua kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Chiang Mai kuna moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, hasa Februari hadi Aprili, na Desemba na Januari usiku hupoa kiasi kwamba bwawa lisilo na mashine ya kupasha maji hubaki la kutazama tu.

Usipange nyumba ya namna hii kwa siku au wiki. Sheria ya Hoteli ya 2004 inahesabu upangishaji wa chini ya mwezi kuwa biashara ya hoteli, na nyumba nyingi binafsi hazina kibali hicho. Si wewe utakayeshtakiwa kwanza, lakini walinzi wa mtaa wenye geti wanaweza kukuzuia mlangoni na masanduku yako.

Kukagua

Nenda mara mbili, mchana na usiku. Usiku ndipo utakaposikia mbwa, baa na lori za ujenzi wa jirani.

Ukifika, pita sebuleni bila kusimama uende kwenye pampu. Omba iwashwe mbele yako, hata kama dalali anakwambia fundi alikuja jana. Mapovu yanayotoka bila kukoma kwenye matundu ya kurudishia maji yana maana pampu inavuta hewa: ama maji yako chini ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu), ama mpira wa mfuniko wa pampu umekufa. La kwanza linaisha kwa mpira wa bustani, la pili kwa mpira mpya wa bei ndogo, lakini pampu ikiachwa hivyo kwa wiki inaweza kuungua. Tazama kipimo cha presha juu ya chujio la mchanga na ukiandike pembeni. Kikiganda kwenye sifuri wakati pampu inafanya kazi, kimeharibika na kibadilishwe kabla hujasaini. Bwawa likiwa na mashine ya chumvi, inayotengeneza klorini kutokana na maji ya chumvi, uliza seli yake (sehemu inayofanya kazi hiyo) ina umri gani na uone kama ina ukoko mweupe. Seli ndiyo kipuri cha bei mbaya kuliko vyote hapo.

Kisha piga hesabu ya ujazo: urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.4 lina lita 45,000 hivi. Namba hiyo utaihitaji kila ukinunua dawa. Mashine ya chumvi huhitaji takriban gramu 3.5 kwa lita, yaani kilo 150 na ushei kwa bwawa hilo, mifuko sita na ziada kidogo ya kilo 25 ukianza na maji matamu.

Kwenye bodi ya umeme tafuta swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja ardhini, iwe ya miliampia 30 au chini ya hapo, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio. Isipokata, nyumba hiyo haina ulinzi na taa za bwawa zisiguswe. Kama una watoto, kumbuka kuwa nyumba nyingi zina mlango wa kioo unaofunguka moja kwa moja kwenye bwawa, bila uzio. Uzio wa muda uandikwe kwenye mkataba kabla ya kuhamia. Ukishalipa, hakuna atakayeharakisha.

Maji: uliza yanatoka wapi. Kuna ya bomba ya mamlaka ya mikoa, kuna ya kisima, na kuna ya boza. Phuket na Samui kiangazi bomba linaweza kukauka, na hapo boza ndilo linaloamua bajeti. Bwawa la ukubwa tuliotaja likipoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke, unaongeza lita 160 kila siku kabla hujamwagilia nyasi hata tone. Maji ya kisima yenye chuma yana shida yake: ukitia klorini bwawa hugeuka rangi ya chai au kijani, na mpangaji hulaumiwa kwa uchafu ambao si wake.

Umeme nao una mitego miwili. Wa kwanza ni bei. Nje ya Bangkok na mikoa miwili inayopakana nayo, Nonthaburi na Samut Prakan, umeme ni wa PEA, mamlaka ya umeme ya mikoa, na ukilipa bili yao moja kwa moja yuniti huwa kati ya baht 4 na 5. Wenye nyumba wengine hutoza 7 au 8. Pampu ya nguvu farasi moja hula karibu kilowati moja; ikienda saa nane kwa siku ni yuniti 240 kwa mwezi. Kwa baht 4.5 hiyo ni 1,080, kwa baht 8 ni 1,920, na bado hujawasha kiyoyozi. Dai kuona bili ya Aprili, mwezi wa joto kali. Mtego wa pili ni ukubwa wa mita: iliyoandikwa 15(45), yaani ampia 15 na kikomo cha 45, huzidiwa nyumba ikiwa na viyoyozi vinne, pampu na hita za bafuni za wati 4,500. Ile ya 30(100) inatosha.

Bustani haina mengi. Jua nani anakata nyasi, mara ngapi, na nani anaondoa majani, kwa sababu msimu wa mvua nyasi hutaka kukatwa kila wiki. Nazi zilizokomaa juu ya maegesho ziangushwe. Vyungu, mifereji ya paa na matairi yanayotuamisha maji viondolewe, maana mbu wa dengue huzaliana kwenye maji kidogo tu na kukomaa ndani ya siku kumi hivi. Uliza pia dawa ya mchwa ilipigwa lini.

Mkataba na fedha

Kabla ya kulipa senti, omba nakala ya hati ya ardhi, inayoitwa *chanote*, na kitambulisho cha mwenye nyumba. Majina yalingane, na akaunti ya benki unakotuma pesa iwe ya jina hilo hilo. Ikiwa anayekupangisha ni mgeni aliyekodi ardhi kwa muda mrefu, dai idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi: sheria ya kiraia haimruhusu mpangaji kupangisha tena bila ruhusa ya mkataba wake. Tangazo la bei ya ajabu linalotaka amana ili "kukushikia nyumba" kabla hujaiona, achana nalo.

Kawaida ni amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele. Mkataba unaozidi miaka mitatu lazima usajiliwe ofisi ya ardhi, la sivyo hutambulika kwa miaka mitatu tu. Ada ni asilimia 1 ya kodi yote pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1. Nyumba ikiuzwa katikati, mnunuzi anarithi mkataba wako, lakini ni vyema uandikwe wazi, maana amana ndiyo hupotea kati ya mwenye wa zamani na mpya.

Vifungu vya bwawa viwe na namba. "Matunzo ya bwawa yamo kwenye kodi" ni maneno matupu. Andika: fundi mara mbili kwa wiki, dawa na chumvi kwa gharama ya mwenye nyumba, pampu ikifa itengenezwe ndani ya siku tatu, vipuri vya zaidi ya baht 1,500 si juu ya mpangaji. Weka pia kima cha yuniti ya umeme, notisi ya kuondoka mapema, na siku za kurudisha amana. Kama mkataba ni wa lugha mbili, jua ni ipi inayotawala zikipingana.

Ndani ya saa 24 tangu uingie, mwenye nyumba anatakiwa kukuripoti uhamiaji kwa fomu ya TM30. Kabla ya kusaini muulize kama atafanya, na upewe stakabadhi. Bila hiyo, ukienda kuongeza viza unaweza kurudishwa.

Baada ya kupewa funguo

Siku ya kwanza piga picha mita za umeme na maji, na video ya bwawa pampu ikiwa inafanya kazi. Kisha pima uvujaji: jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa, tia alama usawa wa maji ndani ya ndoo na nje yake, zima pampu, subiri saa 24. Maji ya nje yakishuka kuliko ya ndani, bwawa linavuja. Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Klorini ikae sehemu 1 hadi 3 kwa milioni na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 hadi 7.6, pima tena baada ya mvua kubwa. Presha ikipanda 8 hadi 10 psi juu ya ile uliyoandika, safisha chujio kwa kurudisha maji nyuma. Umeme ukikatika, saa ya pampu ya kuzungusha kwa mkono husimama, halafu pampu huanza kufanya kazi usiku wa manane huku mchana, jua linapokula klorini, ikiwa imelala. Irekebishe kila umeme unaporudi.

Wiki mbili kabla ya kuhama, mwite mwenye nyumba mkague pamoja. Bwawa la kijani husafishika kwa siku chache, lakini likionekana siku ya funguo litakatwa kwenye amana kwa bei atakayoitaja yeye.