Utafiti wa haki na usawa, dakika kumi kongamanoni: jinsi ninavyowaandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Nasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza hapa Kampala. Wanaochagua mada za haki na usawa wana ugonjwa mmoja: wanataka kusema yote. Ukoloni, ufisadi, mfumo dume, Katiba ya 1995, halafu kengele inalia kabla hawajagusa walichokipata wao wenyewe. Utaratibu ninaoufuata nao ni huu. Mfano wangu ni wa binti mmoja aliyechunguza jinsi wanafunzi wanaotumia viti vya magurudumu wanavyofika madarasani.

Hatua ya 1: Ruhusa kabla ya maswali

Usimhoji mtu kabla hujapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Hapa Uganda kamati hizo huidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba majibu yatasomwa mbele ya wageni. Mtu aliyekubali kukusaidia kazi ya darasa hajakubali hilo.

Hatua ya 2: Tafuta dai, acha mada

Binti yule alianza hivi: "Utafiti huu unachunguza changamoto za watu wenye ulemavu katika elimu ya juu nchini Uganda." Hiyo ni mada, tena ya watu elfu. Nikamwambia arudi na futi kamba. Kipimo kinachotumika sana kwa rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu, ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita 1, unahitaji sentimita 12 za mwendo. Mlango ulioinuka sentimita 60 unadai rampu ya mita 7.2. Aliyoikuta ilikuwa na mita 3.

Basi dai likajiandika: rampu ipo, ila hakuna anayeipanda peke yake. Sheria aliileta baada ya hapo, kwa slaidi moja tu: kifungu cha 35 cha Katiba kuhusu heshima na utu wa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Ukianza na sheria, watu wanasinzia. Ukianza na zile mita 3, wanaisubiri sheria kwa hamu.

Hatua ya 3: Ikisiri

Huu ni muhtasari unaowatumia waandaaji wa kongamano. Fuata idadi ya maneno waliyokupa. Swali, ulivyofanya, ulichokipata, basi. Usiahidi matokeo ambayo bado hujayapata. Tarehe ya kongamano haitakusubiri.

Hatua ya 4: Slaidi, na hapa ndipo watu huumizwa

Kuficha jina hakutoshi. Slaidi ya kwanza ya binti yule iliandika: "Mwanafunzi wa kike, mwaka wa tatu, anayesomea sheria, anatumia kiti cha magurudumu." Ndani ya ukumbi ule, wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na wahadhiri wake wameketi mstari wa mbele. Tukafuta mwaka, kozi na jinsia. Picha za nyuso usiweke kabisa. Piga picha ya rampu.

Jambo la pili ni lugha. Mahojiano yalikuwa kwa Luganda, wasilisho kwa Kiingereza. Mmoja alisema, *Bansitula ng'omugugu*, yaani wananibeba kama mzigo. Kwenye rasimu nikakuta tafsiri: "Husaidiwa na wenzake kupanda." Hapo kuna msaada, lakini ule uchungu umeachwa kwenye kinasa sauti. Weka maneno ya msemaji kwa lugha yake, tafsiri chini yake, kisha nyamaza kidogo watu wasome.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu ukumbi

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja tulimwalika mmoja wa waliohojiwa aje asikilize. Kikao kilipangwa ghorofa ya pili, lifti hakuna. Vijana wanne wakambeba, akaingia huku watu wakipiga makofi, na yeye akiangalia sakafu. Wenyeji walikosea, na mimi pia, maana sikuuliza. Siku hizi naandika barua pepe wiki mbili kabla: chumba kipi, ghorofa ngapi, kuna maikrofoni, kuna mkalimani wa lugha ya alama?

Mengine ni ya kawaida: hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi, na chapisha karatasi moja kwa siku umeme ukikatika. Jipime kwa dakika saba, si kumi. Mwenyekiti wa kikao kilichochelewa huanza kukata muda wa wanafunzi.

Hatua ya 6: Maswali

Atasimama mzee mmoja aulize: "Uliwahoji watu sita tu, unaweza kusema nini kuhusu Uganda nzima?" Usijitetee, wala usiombe radhi. Jibu: "Asante, Profesa. Kuhusu Uganda nzima siwezi kusema. Kuhusu rampu hii naweza, kwa sababu niliipima." Binti yule alijibu hivyo, na mzee akaketi akitabasamu.

Usiulizwe maisha ya mhojiwa ukayajibu. "Hilo hakuniruhusu kulisema" ni jibu kamili.

Hatua ya 7: Kabla ya wiki kuisha

Chapisha ukurasa mmoja kwa Luganda uwapelekee waliokupa muda wao, wajue ulisema nini juu yao. Nakala nyingine, yenye vipimo na picha, ipeleke ofisi inayoshughulikia majengo ya chuo, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.